Jogoo Aliyenadiwa kwa Ajili ya Mbwa

Mbwa wangu alianza kuchechemea mwezi ule mabomba ya mtaa wetu yalipokauka kabisa, na kwa hiyo hakuna aliyemtazama. Watu wa Mwakingali walipita mbele ya mlango wangu na mitungi na mikokoteni, macho chini, kila mmoja na kiu yake. Mimi nilifanya kazi ofisi ya maji hapa Voi mpaka nikastaafu, na katika mji huu ukishawahi kukaa nyuma ya dirisha la bili za maji husamehewi mpaka ufe. Kuna mama ambaye mpaka leo hanisalimii ila ananiuliza maji yatarudi lini, kana kwamba nimeyaficha chini ya kitanda. Basi siku za ukame wa mabomba hukaa ndani, na siku zile nilikaa ndani na mbwa.

Ninaishi peke yangu. Binti yangu yuko Nairobi, mwanangu wa kiume yuko Doha kwenye baridi ya mashine, na baba yao yuko Mahoo upande wa Taveta, mzima wa afya, analima ndizi na mke mwingine. Sina kinyongo naye tena. Ndizi za huko hufika soko la Voi, nami huzinunua kama mtu yeyote, zikiwa nzuri.

Mbwa aliletwa na kaka yangu kutoka kwetu Rukanga, akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya kikapu cha mkonge. Kwetu, chini ya mlima Kasigau, mbwa ni mfanyakazi. Kazi yake ni kufukuza nyani kwenye mahindi na kubweka tembo wakikaribia, na mshahara wake ni ukoko wa ugali. Hapapaswi, haitwi ndani, na akifa huburutwa mpaka kichakani. Nami nilimchukua kwa mkataba huohuo. Siku za kwanza nilimfungia nje kweli. Halafu mvua ikanyesha, akaingia, na mvua ilipokwisha hakuna aliyemkumbusha kutoka. Jina lake silitaji hapa. Nilishaliita sana na sasa nataka kulipumzisha.

Mtu anayefanya kazi hajui ni maneno mangapi huyatumia kwa siku. Nilipostaafu ndipo nilipojua, maana yalinibaki mdomoni. Ilikuwa ikifika jioni nagundua sijazungumza na mtu tangu asubuhi ila mwenye duka, na huyo nilimwambia “maziwa” tu. Basi nikaanza kuzungumza na mbwa. Nilimsomea bili ya umeme kwa sauti. Nilimweleza habari za watu wa ofisini, nani alikula hongo na nani alinyimwa cheo, naye alisikiliza kwa adabu kuliko wanangu, ambao kwenye simu husema “sawa mama, sawa mama” mpaka salio liishe.

Uvimbe ulitokea kwenye mguu wa mbele, juu kidogo ya goti, mgumu kama kiazi kibichi. Mtu wa dawa za mifugo pale sokoni alisema ni mwiba, akampiga sindano. Akampiga nyingine. Uvimbe ukazidi. Kisha wakaja vijana wa chuo kikuu kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, kwenye uwanja ulio karibu na ofisi ya chifu, nami nikampeleka, tukienda polepole na kupumzika kila penye kivuli. Daktari mmoja wa mifugo, msichana wa umri wa binti yangu, aliushika ule mguu mara moja tu, akaacha kuzungumza na wenzake. Alichukua sampuli kwa sindano akaituma Nairobi. Jibu lilirudi kwamba ni saratani ya mfupa.

Sikujua kwamba mbwa huugua saratani. Nilidhani ni ugonjwa wa watu, tena watu wa mbali wenye kula vitu vya mikebe. Daktari alinieleza kwamba mapema zaidi angeweza kuukata mguu, na mbwa huishi vizuri kwa miguu mitatu, lakini sasa ugonjwa ulikuwa umeshafika mapafuni. Alikuja mwenyewe nyumbani kwangu kumaliza maumivu yale. Ilikuwa asubuhi, barazani, juu ya mkeka wangu wa kulalia mchana. Nilimshika kichwa. Nililia mbele ya mgeni bila kujifunika uso, na sioni haya kusema hivyo.

Mbwa aliponyamaza kabisa, daktari aliniomba kitu kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyemzoea. Alitaka kipande cha ule uvimbe. Alikuwa akikusanya sampuli za mbwa wa Taita Taveta na wa pwani, ajue mbwa wetu huugua saratani zipi, zinaanzaje, na zinawezaje kugunduliwa kabla ya kuchelewa. Akasema mbwa na sisi tunavuta moshi mmoja, tunalala nyumba moja, tunakunywa maji mamoja, na kinachomuua yeye huenda kina habari zetu. Aliposema maji nilikaa wima, kwa mazoea ya kulaumiwa.

Nikamwambia achukue. Kisha nikamuuliza atajua lini.

“Hapo ndipo shida ilipo, mama,” akasema. “Sampuli zimelala kwenye friza ya watu. Dawa za maabara ni ghali. Ng’ombe ana wizara, kuku ana miradi, lakini mbwa hana mtu. Tukifika likizo ya Agosti bila pesa, friza wanaitaka, na zile sampuli zitatupwa.”

Nilimsindikiza mpaka kituoni, mimi nikibeba kisanduku cha barafu chenye kile kipande kwa sababu sikutaka akibebe yeye. Nilikipandisha basi kwa mikono yangu. Basi lilipoondoka nilibaki nimesimama kwenye vumbi, na wazo lililokuwa kichwani mwangu lilikuwa moja tu: kwamba kilichobaki cha mbwa wangu hakitamwagwa kwenye pipa la watu wasiomjua. Nyumbani nilichukua mkasi nikakata nywele zangu zote. Kwetu zamani aliyefiwa alinyolewa. Sikumwambia mtu kwa nini nimezikata, na hakuna aliyeuliza.

Sasa, kuchanga. Mimi nimechanga tangu niajiriwe. Nimechangia misiba ya watu ambao nyuso zao nilizijua kwenye picha ya jeneza tu, nimechangia harusi zilizovunjika kabla ya Krismasi, nimechangia karo na paa la kanisa. Sijawahi kusimama kuomba. Nilihisi kwamba mtu aliyechanga hivyo, siku akiomba yeye, hata kama anaomba kwa ajili ya mbwa, watu watakohoa kidogo kisha watoe. Nikaandika kwenye kundi la simu la akina mama wa kanisa. Niliandika wazi: nachangisha pesa za utafiti wa saratani ya mbwa, atakayeguswa atume chochote.

Kundi likanyamaza kama maji mtungini. Baadaye mmoja akaweka picha ya mikono inayoomba. Mwingine akaandika, “Pole mama, Mungu hamtupi mja wake.” Nikasubiri. Nikaenda kumwona mzee wa kanisa anayesimamia mnada wa Jumapili, nikamwambia nina jogoo, naomba anadiwe kwa ajili ya mchango wangu. Alinitazama kwa muda mrefu, hasa kichwani.

“Ni kwa ajili ya saratani ya mbwa,” nikasema.

“Mama, lete jogoo,” akasema taratibu. “Mengine tuachie sisi.”

Asiyeujua mnada wa kanisa zetu, auone hivi: ibada ikiisha, vitu vilivyotolewa sadaka vinatolewa nje, mayai, miwa, mikungu ya ndizi ya Wundanyi, na mzee ananadi. Anayenunua akilipa, mara nyingi husema anamrudishia Bwana, na kitu kinanadiwa tena. Yai moja linaweza kununuliwa na ukoo mzima na likabaki halijapasuka.

Jumapili ile mzee aliinua jogoo wangu na kusema, “Ndugu zangu, mama huyu mnamjua. Ametuhudumia ofisi ya maji.” Watu wakaguna, akaendelea haraka. “Ana jambo la saratani. Ametuambia kwa njia yake, na sisi tumemwelewa. Kutoa ni moyo.”

Niligundua kwamba hakutaja mbwa. Nilidhani ameona vibaya kumtaja mbwa akiwa bado amevaa joho. Nikaliacha lipite, kwa sababu tayari bei ilikuwa imeanza kupanda. Jogoo alinunuliwa akarudishwa. Akanunuliwa na kwaya, akarudishwa. Mwalimu wa shule ya Jumapili, ambaye namjua kwa ubahili, alimnunua na kumrudisha bila kuombwa. Mwishowe jogoo alichoka akasinzia mapajani mwa mama wa sauti ya kwanza, na bado walikuwa wakimnadi. Akina mama walipangusa macho kwa ncha za leso.

Nami, mjinga mimi, nilisimama pale na mkoba wangu nikiamini kwamba nimewageuza watu wa Voi mioyo kuhusu mbwa. Nilirudi nyumbani kando ya reli nikizungumza peke yangu kwa furaha.

Kesho yake wakaanza kuja. Walileta unga wa uji wa wimbi, mayai, maboga, juisi nyekundu ya kiazisukari kwenye chupa ya soda, na magome ya mwarobaini yaliyofungwa kwa kitambaa. Nilidhani ni rambirambi za mbwa, nikasema ama kweli, dunia imebadilika. Vikombe vyangu havikutosha. Miaka mingi nyumba hii haikuhitaji vingi. Wengine walikunywa chai kwenye bakuli. Mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mnene mwenye huruma nzito, alinikalisha kando yake akanishika mkono.

“Dada yangu,” akasema, “mficha maradhi kifo humuumbua. Umefanya vizuri kusema. Lakini hukuwa na haja ya kumsingizia mbwa.”

“Nimemsingizia nini?”

“Ugonjwa wako.”

Ndipo nikaelewa. Huku kwetu mwenye ugonjwa ule hautamki. Husema ni tumbo, ni mgongo, ni shinikizo la damu. Akizidiwa husema kuna binamu yake Taveta anaumwa saratani, na watu wenye adabu humuulizia hali ya binamu mpaka siku ya mazishi. Basi mimi nilipoandika mbwa, walinihurumia zaidi. Wakasema maskini, hata binamu wa kumsingizia hakupata. Na kila kitu kilikuwa kimejipanga: nywele nimenyoa, mwili umepungua, daktari mwenye koti jeupe ameonekana akitoka kwangu, na mimi nimeonekana kituoni nimekumbatia kisanduku cha barafu huku nalia.

“Mimi ni mzima,” nikawaambia wote. “Aliyeugua ni mbwa. Amekufa. Amezikwa pale nyuma, nendeni mkaone.”

Hakuna aliyeinuka. Mwenyekiti aliubana mkono wangu. “Ni mbwa, dada. Sawa. Kunywa uji.”

Nilikana siku ile, nikakana kesho yake. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyotikisa vichwa, kwa kuwa kukana ndiko kunakotarajiwa kwa mgonjwa. Nilimpigia simu mzee wa kanisa nikamweleza yote polepole, akanisikiliza, kisha akaniombea kwenye simu. Hasira zilinipanda nikacheka.

Lakini nitasema na hili. Nyumba yangu ilikuwa na sauti. Mchana nilisikia viatu barazani, nikasikia mtu anaita “hodi” na mwingine ndani anamjibu kabla yangu. Jikoni mtu aliosha vyombo akiimba. Yule mama wa maji yatarudi lini alinifulia mashuka, wala hakuniuliza habari za maji. Nilikuwa nimekaa miaka kwenye ule ukimya bila kuujua uzito wake, kama mtu aliyezoea kubeba mtungi kichwani, na ulipotuliwa shingo iliniuma kwa raha.

Kulikuwa na mmoja ambaye hakuja na wenzake. Ni fundi wa nguo, mjane wa makamo, ana cherehani yake nje ya duka karibu na soko, hushona sare za shule. Alikuja alasiri, wengine wakishaondoka. Hakuleta chakula. Alileta kazi yake, mashati ya kutia vifungo, akakaa mkabala nami na kushona. Wengine walizungumza juu ya imani na magome. Yeye aliuliza.

“Ilianzaje?”

“Mama, nimeshasema ni ya mbwa.”

“Basi ya mbwa. Ilianzaje?”

Nikamweleza. Nilimweleza jinsi uvimbe ulivyokuwa mdogo na usiouma, ukiubonyeza hausogei. Akauliza kama ulikua haraka. Akauliza kama alikula vizuri siku zile, kama alikonda, kama alijua. Sindano ilikuwa ikisimama hewani ninapojibu. Kesho yake alirudi na maswali mengine: daktari alitumia sindano gani kuchukua sampuli, inaingia mpaka wapi, mbwa alilia? Nikamwambia alilia kidogo tu, kisha akanilamba mkono. Aliinamia shati lake na kukata uzi kwa meno.

Sijapata kuona msikilizaji wa namna ile. Nilijiambia, hatimaye kuna mtu mmoja katika mji huu anayetaka kusikia habari za mbwa wangu. Nilianza kumngojea. Nilikuwa nikifagia baraza mapema na kuweka maji ya chai, na akichelewa nilitoka mpaka njiani nikijidai naangalia mawingu ya upande wa Sagalla.

Mambo yaliharibika kwa wema. Mwenyekiti alikuja na habari kwamba wameunda kamati. Wataandaa mchango mkubwa, na viti na hema, wanipeleke India. Mwanamke mmoja wa kutoka Rukanga, ambaye mama yangu aliwahi kumzalisha, ameahidi kumuuza mbuzi wake wa maziwa. Hapo maji yalinifika shingoni. Mtu anaweza kunywa uji asioustahili, lakini si maziwa ya watoto wa mwingine. Nikampigia simu daktari wa mifugo. Alikuja Alhamisi, siku akina mama walipokuwa na maombi nyumbani kwangu, na mzee wa kanisa alikuwapo.

Daktari alisimama kati ya viti, akaeleza kila kitu kwa utulivu. Alieleza utafiti, friza, sampuli. Kwenye simu yake alionyesha picha ya mguu wa mbwa wangu, kisha picha niliyopigwa nikimshika kichwa siku ile ya mwisho. Simu ilipita mkono hadi mkono mpaka ikarudi.

“Kwa hiyo wewe huna kitu?” mwenyekiti akaniuliza.

“Sina.”

“Kabisa?”

“Kabisa. Niliwaambia.”

Hakuna aliyesema Bwana asifiwe. Nilikuwa nimeyategemea maneno hayo, kwa kuwa sisi huyasema hata ng’ombe akipona kuhara. Mtu ameambiwa mbele ya kanisa kwamba si mgonjwa, na wanaompenda wanatazama sakafu. Sikuwalaumu sana, hata hapohapo. Walikuwa wamelia mbele ya wenzao kwa ajili yangu, na sasa hawakujua machozi yale wayaweke wapi. Mama mmoja alijaribu kucheka, mwenyekiti akamtazama, akaacha.

Mzee wa kanisa alisimama na kusema kilichotolewa mnadani kimetolewa, mchango haudaiwi, daktari apewe afanye kazi yake. Alisema hivyo bila kunitazama. Kisha wakaanza kutafuta vyombo vyao. Kwetu bakuli lililokuja na chakula halirudi tupu. Unatia japo nyanya, japo chumvi. Mimi sikuwa nimeandaa kitu, na hawakuningoja. Waliyachukua mabakuli kutoka kabatini na kwenye ungo wa kukaushia, wakayaweka chini ya kwapa matupu, wakaondoka wakisema “haya mama” mlangoni. Daktari alikuwa na basi la kuwahi. Alinikumbatia, akaenda.

Baada ya hapo hakuna aliyenitukana. Walinisalimia njiani. Kwenye kundi la simu waliendelea na misiba na harusi, nami nikaendelea kutuma changu. Lakini barazani hakukuwa na viatu. Nilikuwa nimeshanunua vikombe vipya, nikavirudisha kwenye karatasi zake. Siku moja ujumbe wa daktari uliingia: dawa za maabara zimefika, na sampuli ya mbwa wangu ndiyo iliyotangulia kuwekwa chini ya darubini. Ndilo jambo nililokuwa nimelitaka. Nililisoma kwa sauti sebuleni, mpaka mwisho, pamoja na jina lake daktari na “asante sana mama”. Kisha nikakaa. Sauti yangu mwenyewe ilinitisha, na niliwasha redio ili nisiisikie tena.

Yule fundi hakuwapo Alhamisi ile. Alikuwa amekwenda Mwatate kupima wanafunzi sare, akakaa huko kwa dada yake. Nilijua amesharudi, kwani nilipita sokoni nikaiona cherehani yake imefunuliwa, nami nikapita upande wa pili wa barabara. Nilimwogopa yeye kuliko mwenyekiti. Wengine walipoteza unga na mayai. Huyu alinipa masikio yake, na nilidhani ndiye atakayejiona amechezewa zaidi.

Alikuja alasiri, saa yake ileile, bila mashati. Nilikuwa nimekaa kizingitini. Hakusema hodi.

“Nasikia u mzima,” akasema.

“Ndiyo. Mimi ni mzima.”

“Na yote yale uliyoniambia yalikuwa ya mbwa.”

“Yalikuwa ya mbwa, mama. Nilikuambia tangu siku ya kwanza.”

Aliketi kando yangu, chini, akainyoosha leso juu ya magoti. Nilingoja anigombeze. Alitazama njia, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mimi nilidhani tuko wawili.”

Sikuelewa, na kisha nikaelewa. Aliuchukua mkono wangu, kama mwenyekiti alivyokuwa akiuchukua, lakini hakuubana. Aliuingiza chini ya blauzi yake, upande wa kushoto, karibu na kwapa. Kilikuwa kidogo, kigumu. Nilikibonyeza kwa vidole viwili. Hakikusogea.

“Tangu lini?” nikauliza.

“Tangu kabla ya jogoo wako.”

“Na hospitali?”

“Nilikuwa nangoja uende wewe,” akasema. “Wote walisema utapelekwa. Nikasema acha aende, nione wanamfanya nini. Nione kama atarudi.”

Nilitaka kumwambia maneno mengi. Nilitaka kumgombeza, kisha nikataka, Mungu anisamehe, kuwa mgonjwa, niwe nimeshakwenda na kurudi ili nimwambie ni rahisi. Nilichofanya ni kuingia ndani kuchukua kitambulisho na shali. Nilipotoka alikuwa bado ameketi. Nikamwambia leo wameshafunga upande ule wa kupima, kwa hiyo atalala hapa, na asubuhi tutakwenda. Alisema ana sare za kumalizia. Nikamwambia watoto watavaa za zamani.

Asubuhi tulikwenda kwa miguu, polepole, tukipumzika penye kivuli. Hospitalini tulikaa kwenye benchi la mbao, na muuguzi aliyebeba kadi alikuja akatutazama wote wawili.

“Mgonjwa ni nani hapa?”

Fundi alitazama viatu vyake. Nami nikajikuta nafikiri jambo ambalo halikuwahi kunijia: nimewatoa watu machozi kwa jogoo ili mbwa wa wilaya nzima wapimwe, na mimi mwenyewe, umri huu, sijawahi kupimwa hata siku moja. Nilikuwa nimeliambia kanisa zima kwamba sina kitu, kabisa, na sikujua.

“Tuandike sote,” nikamwambia muuguzi. “Tumekuja kupimwa.”

Aliandika. Akafungua mlango, akauliza ni nani atakayeanza.

Fundi alinigeukia. “Nenda wewe kwanza,” akasema. “Nikuone ukitoka.”

Nikampa mkoba wangu anishikie, nikaingia.